Sikio limeziba, daktari kaanza na pua: amekosea mlango?

Swali: "Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 41. Sikio langu la kushoto limeziba mwezi wa pili sasa, kama vile nimezama majini upande mmoja. Limesafishwa nta, nimetiwa matone, nimemeza antibiotiki, hali ni ile ile. Nikapewa rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Huyo alilichungulia sikio dakika mbili tu, halafu akanipitishia mpira wenye kamera puani mpaka machozi yakanitoka. Pua yangu haina shida yoyote! Nilipomuuliza akanijibu, 'Huko ndiko sikio linakopumulia,' basi. Je, alikuwa sahihi? Na daktari huyu hasa anatibu nini, maana jina lake limebeba viungo vitatu kwa mkupuo?"

Marahaba. Alikuwa sahihi kabisa, na kama asingekuchungulia puani ningekuambia urudi ukamwombe afanye hivyo. Kosa lake ni moja tu: alikujibu kwa lugha tunayosemeshana sisi kwa sisi, akadhani imetosha.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo kilichojaa hewa. Humo ndimo vilimo vifupa vitatu vinavyopokezana sauti: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho kifupa kidogo kuliko vyote mwilini, milimita 3 hivi. Kingekaa juu ya ukucha wa kidole chako cha mwisho na nafasi ikabaki. Ngoma haitikisiki vizuri mpaka hewa ya chumba hicho iwe na mgandamizo sawa na hewa ya nje, na chumba chenyewe hakina dirisha. Njia ni moja: mrija mwembamba, wa sentimita 3 na nusu hivi kwa mtu mzima, unaoteremka mpaka nyuma kabisa ya pua, pale pua inapokutana na koo. Umepewa jina la Bartolomeo Eustachi, mwanaanatomia Mwitalia wa karne ya 16. Muda mwingi mrija huu umefumba. Ukimeza mate au ukipiga mwayo unafumbuka kidogo, hewa inapita, unafumba tena. Ule mlio wa "tak" unaousikia ndege inaposhuka ndio mrija unafunguka. Hapo ndipo sikio linapopumulia.

Mrija ukiziba, hewa iliyobaki chumbani hunyonywa polepole na utando wa ndani, ngoma huvutwa kuelekea ndani, na mwisho majimaji hujikusanya mahali palipostahili kuwa na hewa. Mara nyingi hakuna maumivu. Unasikia sauti kwa mbali, sauti yako mwenyewe inakurudia kichwani, na wakati mwingine ukiinama kitu kinahama. Kwa watoto hili ni jambo la kila siku, kwa sababu mrija wao ni mfupi na umelala, na pembeni yake kuna zile nyama za nyuma ya pua, adenoidi, ambazo utotoni huwa kubwa. Mengi huisha yenyewe ndani ya miezi 3, na ndiyo sababu daktari wa mtoto wako anaweza kukwambia "tusubiri" bila kuwa mzembe.

Kwa mtu mzima hesabu ni nyingine. Masikio yote mawili yakiziba baada ya mafua makali, tunavumilia wiki kadhaa. Lakini mtu mzima, sikio moja, miezi miwili, bila sababu inayoonekana: hapo daktari analazimika kwenda kuuona mdomo wa mrija kwa macho yake. Panaweza kuota uvimbe pale ukauziba mrija kabla pua yenyewe haijalalamika. Saratani ya nyuma ya pua, kwa mfano, inaweza kuanza kujionyesha kwa sikio lililoziba upande mmoja, au kwa tezi shingoni, huku mgonjwa akipumua vizuri tu. Sisemi unayo. Wengi tunaowachungulia hivyo hatukuti uvimbe wowote. Ila huwezi kujua bila kutazama, na kutazama kwenyewe ni dakika mbili na machozi kidogo.

Hilo ndilo jibu la swali lako la pili pia, ingawa nitalirefusha. Viungo vitatu vimekabidhiwa daktari mmoja kwa sababu ni nyumba moja yenye korido. Utando ule ule unaotoa kamasi puani unaendelea mpaka kooni, unapanda mrija hadi chumba cha sikio, na unaingia kwenye sainasi, yaani vile vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso. Ugonjwa huanzia chumba kimoja, ukalalamikia kingine. Na si utando tu, hata mishipa ya fahamu imeingiliana. Sikio linapata hisia kutoka mishipa inayohudumia pia meno, taya, ulimi na koo. Kwa hiyo jino bovu la nyuma, kiungo cha taya kilichochoka kwa kusaga meno usiku, au kidonda nyuma ya ulimi, vyote vinaweza kuuma ndani ya sikio. Mgonjwa ananionyesha kwa kidole pale panapomuuma, natazama, naona ngoma safi inang'aa kama lulu. Nikiona sikio zuri linalouma, namwambia afungue mdomo. Akiwa mvutaji wa sigara wa miaka mingi, simwachi aondoke kabla sijalitazama koo lake lote mpaka chini.

Turudi kwenye zile dakika mbili unazoziona chache. Kwa jicho lililozoea, zinatosha. Lakini nadhani alikufanyia pia kitu ambacho hukukitaja: aligonga chuma chenye ncha mbili kama uma, akakisimamisha katikati ya paji la uso, akakuuliza mlio uko upande gani. Chuma hicho hutikisika mara 512 kwa sekunde. Unaweza kuionja maana yake sasa hivi. Ziba sikio moja kwa kidole, fumba mdomo, uvume "mmmmm." Umeona? Sauti imehamia upande ulioziba. Ndivyo ilivyo kwa sikio lenye nta, lenye majimaji, au lenye ngoma iliyotoboka: njia ya kupitisha sauti ina kizuizi, na mlio wa kwenye mfupa huhamia upande mbovu. Lakini sikio likiwa limekufa kwa ndani, yaani kwenye komwe la usikivu (kiungo cha sikio la ndani kilichojikunja kama konokono) au mshipa wake, mlio hukimbilia upande mzima. Kipande cha chuma kisichohitaji umeme kinatenganisha magonjwa mawili ambayo kwa mgonjwa yanafanana kama mapacha: "sikio limeziba."

Nimekaa hapa kwa makusudi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza masikio. Mtu anaamka asubuhi, sikio moja halisikii, anahisi limeziba. Anaambiwa ni nta, anapewa matone, anaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Kumbe ni mshipa. Usikivu uliopotea ghafla namna hiyo, ndani ya siku 3 au pungufu, ni jambo la dharura. Dawa za kundi la steroidi zinasaidia zaidi zikianza mapema, na kadiri siku zinavyopita ndivyo matumaini yanavyopungua. Wewe hukueleza kuwa lako lilikuja ghafla, na kwa vyovyote vile umeshaonwa. Lakini msomaji mwingine anayelisoma hili akiwa na sikio lililokufa jana asingoje miadi ya mwezi ujao.

Sehemu hiyo ya ndani ndiyo yenye mzigo mkubwa zaidi. Komwe la usikivu limejikunja mizunguko miwili na nusu, na ndani yake zimo seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kwa kila sikio, ambazo mtu akizaliwa nazo ndizo hizo hizo. Zikifa hazioti tena. Zinauawa na umri, na kelele za kazini (kwa kawaida tunaanza kuogopa desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku), na baadhi ya dawa kama gentamisini na streptomisini, na homa ya uti wa mgongo. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya milioni 430 wenye upungufu wa usikivu unaohitaji msaada. Kwetu msaada huo huanza na kipimo cha kusikia ndani ya chumba kisicho na kelele, kisha mtaalamu wa usikivu, ambaye si mimi, huchagua na kurekebisha kifaa cha kuvaa sikioni. Kwa aliyepoteza karibu kila kitu, sisi hupandikiza kifaa chenye uzi wa elektrodi ndani ya komwe. Jaribio la kwanza la kuuamsha mshipa wa usikivu kwa umeme wa kifaa kilichopandikizwa lilifanyika Paris mwaka 1957. Mtoto aliyezaliwa hasikii hufaidika zaidi akipandikizwa mapema, kwani ubongo una msimu wake wa kujifunza lugha.

Ndani ya sikio hilo hilo kimo kipima mizani cha mwili. Kwa hiyo kizunguzungu nacho hutua kwangu. Kuna aina moja ninayoipenda, kama daktari anaruhusiwa kupenda ugonjwa. Mgonjwa anageuka kitandani, dunia inazunguka kwa nusu dakika, inatulia. Akigeuka tena, tena. Anaogopa kiharusi. Kumbe vijiwe vidogo vya chokaa vimeng'oka mahali pake na kuingia kwenye mojawapo ya mifereji mitatu ya mizani. Namlaza, nageuza kichwa chake hatua kwa hatua upande huu na ule, vijiwe vinarudi vilikotoka, na wengi huondoka wamepona siku hiyo hiyo au baada ya kurudia mara moja mbili. Hakuna kidonge. Si kila kizunguzungu ni cha sikio, lakini: kikiambatana na ulimi mzito, mkono dhaifu au kuona vitu viwili viwili, usije kwangu, kimbilia chumba cha dharura.

Pua nitaipitia haraka, si kwa dharau. Mafua yanayochosha, mzio, vipele laini vya ndani kama zabibu tunavyoviita polipu, ukuta wa katikati uliopinda, kunusa kulikopotea, sainasi zilizojaa. Wengi huja wamejitangazia "nina sainasi" kwa sababu kichwa kinawauma mbele. Sehemu kubwa ya hao wana kipandauso, na pua haina hatia. Homa ya sainasi ya kawaida husababishwa na virusi na hupungua ndani ya siku 10 bila antibiotiki. Kitu kimoja naomba nikigombe: matone ya kuzibua pua. Yanafungua pua kwa saa chache kama muujiza. Ukiyatumia zaidi ya siku 5, pua huanza kuvimba kila dawa inapoisha nguvu, unaongeza dozi, inavimba zaidi. Nimewaona waliotembea na chupa mfukoni kwa miaka, wakiamini wana ugonjwa mkubwa, na ugonjwa ulikuwa ile chupa.

Na damu ya puani: mara nyingi sana hutoka sehemu ya mbele ya ukuta wa katikati, mahali ambapo kidole kinafika. Kaa, inama mbele, bana ile sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia katikati. Kuinua kichwa nyuma kunaipeleka damu tumboni, utaitapika. Isipokoma baada ya hapo, au ukiwa unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, njoo.

Koo ndilo lililotuchelewesha zaidi katika historia, kwa sababu kwa muda mrefu ilikuwa vigumu kuliona zoloto, yaani kisanduku cha sauti, la mtu hai likifanya kazi. Aliyefungua njia hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa uimbaji, Mhispania Manuel García, ambaye mwaka 1854 alijitia kioo cha daktari wa meno nyuma ya koo, akaelekeza mwanga wa jua kwa kioo cha pili, akaziona nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifunguka na kufumba. Ile kamera iliyokutoa machozi ni mjukuu wa kioo hicho. Ukipitishwa mpira kidogo chini ya pale ulipoishia wako, tunaziona nyuzi za sauti mgonjwa akiwa ameketi anasema "iiii." Ndivyo tunavyogundua vinundu vya walimu na wahubiri, uzi uliopooza, asidi ya tumbo inayopanda usiku, na saratani ya zoloto, ambayo ikikamatwa mapema hutibika vizuri. Kanuni ninayoitumia: sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki 3 bila kurudi inapaswa kuonwa, si kunyweshwa dawa za kikohozi.

Mafindofindo ndiyo yanayotuletea wazazi wengi, nusu wakitaka yakatwe leo, nusu wakiogopa yakikatwa mtoto atakosa kinga. Hatukati kwa sababu ya ukubwa pekee. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni mara 7 ndani ya mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3. Na iwe ni homa ya kweli ya koo, si kila muwasho. Sababu nyingine, nzito zaidi, ni usingizi: mtoto anayekoroma, akakata pumzi, akashtuka, usiku kucha. Huyo mara nyingi hukatwa mafindofindo pamoja na adenoidi. Watu wazima wanaokoroma na kukata pumzi huja pia, lakini kwao kisu si cha kwanza. Mashine ya kusukuma hewa usiku na kupunguza uzito hutangulia.

Halafu kuna kazi ambayo haimo kwenye jina, na watu hushangaa: shingo. Tezi za mate, uvimbe wa limfu, mara nyingi na rovu, yaani tezi la shingo linapohitaji upasuaji. Uvimbe shingoni kwa mtu mzima usioondoka kwa wiki 3, hasa usiouma, uje kwetu. Usiouma, nasema, kwa sababu watu huuachia huo na kuukimbilia ule unaouma, ambao mara nyingi ni wa uambukizo tu.

Yasiyo yetu: jino, hata kama tumeligundua sisi, ni la daktari wa meno. Dawa za kurekebisha homoni za rovu ni za daktari mwingine. Na nta ya kawaida haikuhitaji bingwa. Haikuhitaji pia vijiti vya pamba: nta inatoka yenyewe taratibu, kijiti kinaisukuma irudi ndani ikashindiliwa mlangoni pa ngoma. Mdudu akiingia sikioni, tone la mafuta safi linamuua kabla hajaondolewa, ila usitie kitu kama sikio linatoa usaha au ngoma iliwahi kutoboka. Mtoto akijitia punje ya nafaka, usimwagie maji, itavimba. Na pua ya mtoto inayotoa uchafu unaonuka tundu moja tu, mafua hayana adabu hiyo ya kuchagua upande. Kuna kitu kimeingizwa humo. Kikiwa ni betri ndogo ya mviringo kama kifungo, ni dharura ya saa, si ya kesho: puani au kwenye umio inaweza kuanza kuunguza nyama ndani ya saa 2.

Sasa wewe. Kamera ilishapita, kwa hiyo muulize kwa maneno haya: "Uliuona mdomo wa mrija wa kushoto? Ulikuwaje ukiulinganisha na wa kulia?" Kama alikuta kitu, atachukua kipande kidogo kipelekwe maabara, na huenda akaagiza picha ya CT au MRI. Kama hakukuta kitu, omba kipimo cha mgandamizo wa sikio kama bado hujafanyiwa. Kinaziba tundu la sikio kwa plagi laini, kinasukuma hewa kidogo, na kinachora mstari. Mstari ulio bapa, ngoma ikiwa nzima na njia haina nta, kwa kawaida maana yake ni majimaji nyuma ya ngoma. Hapo atakutibu mzio kama upo, au baada ya muda atatoboa tundu dogo kwenye ngoma na kuweka kimrija kidogo sana kinachopitisha hewa badala ya ule uliogoma. Kwa kawaida hukaa miezi 6 hadi 12 kikadondoka chenyewe. Na kama aliitoa picha ya ile kamera kwenye skrini, mwombe akuonyeshe. Una haki ya kuona ulikolilia.